Elizabeth Casson, aliyeanza kusomea udaktari akiwa na miaka 32

Tangu niliporejea kutoka kambini Kigoma mwaka 2009, riziki yangu ni vitenge kati ya Kabanga na Kobero. Miaka kadhaa baadaye pikipiki iliniangusha, mkono wa kulia ukavunjika vibaya. Mfupa uliunga, lakini vidole vilikataa hata kuhesabu noti. Katika hospitali moja upande wa Tanzania nikapelekwa kwa dada ambaye hakunipa kidonge wala sindano. Alinipa shati, sarafu na kipande cha kitenge, akaniambia nifunge vifungo, nihesabu, nikunje. Nilidhani ananifanyia mzaha. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nakunja doti kama zamani.

Kazi yake inaitwa tibakazi, yaani kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake kwa kutumia shughuli zenyewe. Ni yeye aliyenisimulia habari za Elizabeth Casson, na tangu hapo nimezitafuta na kuzieneza mpaka wenzangu sokoni wamenichoka.

Casson alizaliwa mwaka 1881 huko Denbigh, Wales. Hakuanza na udaktari. Mwaka 1908 aliingia kazini London kwa Octavia Hill, mama maarufu aliyesimamia nyumba za kupanga za watu maskini, na huko Southwark akayaona maisha ya wanyonge kwa karibu. Mwaka 1913, wakati wasichana wengi wa rika lake walikwisha kuolewa na kusahau daftari, yeye alijiandikisha kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Bristol. Alikuwa na miaka 32. Alihitimu mwaka 1919, na mwaka 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya juu ya udaktari chuoni hapo.

Alichagua wagonjwa wa akili. Siku hizo wagonjwa hao walikaa wodini kutwa nzima wakitazama ukuta. Jumatatu moja Casson aliingia wodi ya wanawake akakuta hali imebadilika kabisa. Krismasi ilikuwa inakaribia, na wauguzi walikuwa wamewagawia wagonjwa karatasi za rangi na matawi makavu watengeneze maua. Watu waliokuwa kama magogo walikuwa wakifanya kazi kwa vikundi, wamechangamka. Daktari mwingine angepita zake akaangalie mafaili. Yeye aliondoka na hakika kwamba kazi ile ni sehemu ya matibabu, si kitu cha kupoteza muda.

Alikwenda Marekani kuona wenzao wanavyofanya, maana huko fani hii ilikuwa imetangulia. Aliporudi akafungua kliniki ya Dorset House mjini Bristol, na mwaka 1930 ndani yake ikaanza shule ya kwanza ya tibakazi Uingereza.

Hapa ndipo mimi, niliyelala chini ya turubai miaka mingi, humwelewa zaidi. Vita Kuu ya Pili ilipoleta mabomu Bristol, shule yake nayo ilikimbia. Ilihamia Bromsgrove, ikaendelea kufundisha huko, na wahitimu wakahitajika sana kwa askari waliojeruhiwa. Mwaka 1946 ikahamia Oxford. Haikurudi nyumbani, lakini haikufa. Leo fani hiyo inafundishwa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, kilichoirithi.

Casson alitunukiwa nishani ya OBE mwaka 1951 na kufariki Desemba 1954, akiwa na miaka 73.

Kwa upande wetu, si lazima kuvuka bahari. Kuna shule ya tibakazi KCMC, Moshi, na Kenya fani hii hufundishwa katika chuo cha KMTC. Wanaanza kwa kuangalia masomo ya sayansi, hasa baiolojia. Anayehitimu hufanya kazi na waliopooza, watoto wenye ulemavu, wagonjwa wa akili, hata mchuuzi aliyeangushwa na pikipiki.

Mdogo wangu ana miaka 31. Kambini alikuwa akiwasaidia wauguzi, na tuliporudi vyeti vyake vilizungushwa ofisi hadi ofisi mpaka akakata tamaa, akaanza kuuza nyanya. Kila nikimtajia shule hujibu kwamba umri umekwenda. Juzi nilimsimulia habari za Casson kwa mara ya pili. Alipanga nyanya zake kimya, kisha akaniuliza ada ya Moshi ni kiasi gani.