Svante Arrhenius, Mpima Joto la Dunia

Bila shaka umeliona jambo hili. Usiku wa mawingu hauna baridi sana. Usiku usio na mawingu huwa na baridi kali. Kwa nini? Mchana jua hupasha ardhi joto. Usiku ardhi hulirudisha joto hilo juu. Mawingu na mvuke hulizuia kama blanketi. Sasa soma habari za mtu aliyelipigia hesabu blanketi hilo.

Svante Arrhenius alizaliwa Uswidi mwaka 1859. Uswidi ni nchi ya baridi, kaskazini ya Ulaya. Baba yake alikuwa mpima ardhi. Inasemekana mtoto huyu alijifundisha kusoma akiwa na miaka mitatu.

Mwaka 1884, katika chuo kikuu cha Uppsala, aliandika juu ya umeme na chumvi iliyoyeyuka katika maji. Walimu wake hawakuridhika. Walimpa alama za chini. Lakini mwaka 1903 alipata Tuzo ya Nobel kwa mawazo yale yale!

Arrhenius alitaka kujua kwa nini zamani sana Ulaya ilifunikwa na barafu. Wataalamu walikwisha kujua kuwa hewa ukaa huzuia joto. Hewa ukaa ndiyo tuitoayo tunapopumua. Hutoka pia makaa na mafuta yanapoungua. Je, ikiongezeka, itakuwaje? Alipiga hesabu kwa mkono karibu mwaka mzima. Wakati huo ndoa yake ilikuwa inavunjika. Mwaka 1896 alitoa jibu: hewa ukaa ikiwa mara mbili, joto la dunia litapanda nyuzi 5 au 6. Siku hizi wataalamu wanakadiria nyuzi 3 hivi.

Mwenzake wa Uppsala, Knut Ångström, alikataa. Mwaka 1900 alieleza majaribio yake. Joto lilipitishwa katika bomba lenye hewa ukaa. Hewa hiyo ilipopunguzwa, joto lililopita halikubadilika sana. Basi aliona kuwa kuongeza hewa ukaa hakutaleta tofauti. Wengi walimwamini kwa miaka mingi.

Bomba halikusema uongo. Lakini anga si bomba. Joto hupanda angani tabaka kwa tabaka, kama mtu apandaye ngazi. Huko juu hewa ni nyepesi na baridi. Hewa ukaa ikizidi, joto hupanda juu zaidi kabla ya kutoka. Huko kuna baridi zaidi, na kitu cha baridi hutoa joto kidogo. Kwa hiyo joto jingi hubaki chini. Jambo hili lilithibitishwa vizuri katika miaka ya 1950.

Arrhenius alifariki mwaka 1927. Yeye mwenyewe hakuogopa. Alidhani joto litawafaa watu wa nchi za baridi, tena baada ya karne nyingi. Mwaka 1958 hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 3 katika kila sehemu 10,000 za hewa. Leo imepita 4.