Mama aliyeshtakiwa kwa kuwaeleza wanawe ukweli

Hebu nikuulize, ni nani alikueleza mambo ya kubalehe? Kama ni marafiki wa mtaani na video za simu, Mary Ware Dennett angekuelewa kabisa.

Huyu alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Worcester, Massachusetts, mwaka wa 1872. Alifundisha sanaa, baadaye akapigania haki ya wanawake kupiga kura. Ndoa yake ilivunjika 1913, akabaki kulea wavulana wawili.

Kufikia 1915, kifungua mimba wake, Carleton, alikuwa na miaka 14. Maswali yalishaanza, na wewe unayajua hayo maswali. Mary akakusanya vitabu vya kuwafunza vijana, akasoma kimoja baada ya kingine. Bure. Vilitisha, vilihubiri, halafu vikifika penye swali lenyewe, vinaruka.

Basi akaketi akaandika mwenyewe. Akataja viungo vya uzazi kwa majina yake na kuweka michoro. Akaeleza mimba inavyotungwa. Akawaambia pia kwamba tendo la ndoa lina raha yake na upendo wake, si aibu. Kujichua, ambako wengi waliamini kunaleta wazimu, alikuzungumzia kwa utulivu tu. Na magonjwa ya zinaa akasema yanatibika, hivyo mgonjwa asijifiche. Kwangu hapo ndipo penye uzito, kwa sababu anayeona haya kwenda hospitali huchelewa.

Mwaka wa 1918 jarida moja la madaktari lilichapisha maandishi hayo. Mary akayafanya kijitabu, akakiuza kwa senti 25. Makanisa, shule na hata YMCA zikaagiza. Lakini 1922 Posta ikakipiga marufuku kwa sheria ya 1873 iliyokataza kutuma machafu kwa barua. Yaani kanisa linanunua, Posta inasema ni uchafu! Mary akaandika kuuliza ni sehemu gani hasa iliyo chafu. Hakupewa jibu la kueleweka, kwa hivyo akaendelea kukituma ndani ya bahasha zilizofungwa.

Kisha akategwa. Mkaguzi wa Posta aliagiza nakala kwa jina la mwanamke asiyekuwepo, na Aprili 1929 Mary akapandishwa kizimbani Brooklyn akiwa na miaka 57. Walioketi kuamua kama ana hatia walikuwa wanaume watupu, na haikuwachukua hata saa moja. Faini: dola 300. Mary akagoma kulipa, ati heri jela. Carleton wakati huo ni mwanamume wa miaka 28, bana, mafunzo aliyoandikiwa alishayamaliza kitambo!

Magazeti yakalipuka na watu wakachanga pesa za kesi. Wakili wake, Morris Ernst, akakata rufaa. Machi 1930 majaji wakafuta hukumu hiyo, wakisema kumweleza kijana ukweli kwa nia njema na lugha ya heshima si uchafu. Mary alifariki 1947, na ile faini hakuilipa.