Apolo na Jembe Lake

Neno unyenyekevu hapa kwetu tunaliitikia amina haraka sana. Ni neno tamu, na halimgharimu mtu chochote akiwa bado ameketi. Kwa hiyo wiki hii nataka tumwangalie mtu wa huku huku Afrika Mashariki ambaye utumishi wake ulikuwa na matope. Anaitwa Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 huko Buganda, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Hakuanza vizuri. Alikuwa askari katika vita vya dini vya miaka ile, na bangi alivuta. Mafundisho ya mmishenari Alexander Mackay yalimgusa, lakini ile mbegu ilikaa ardhini miaka. Alibatizwa 1895, mtu mzima wa miaka 30 hivi, na hapo ndipo akawa Apolo, kama yule wa Matendo ya Mitume. Kivebulaya ni jina la utani. Kwa Kiganda ni kama kusema kitu kilichotoka Ulaya, na alipewa kwa sababu ya nguo za Kizungu alizopenda kuvaa. Kumbuka hizo nguo.

Mwaka uliofuata, 1896, kulikuwa na shida Boga. Boga iko ng'ambo ya mto Semliki, ukishavuka milima ya Ruwenzori, mahali msitu wa Kongo unapoanzia. Walimu wawili Waganda, Petero na Sedulaka, walikuwa wametumwa huko kuhubiri. Chifu wa pale, Tabaro, hakuwapenda, basi akawanyima chakula. Wale ndugu walizoea kwamba mwalimu wa dini hulishwa na wenyeji. Kushika jembe haikuwa kazi yao. Njaa ikawashinda, wakarudi.

Mimi nilisomea biashara, na kusema ukweli ningewatetea. Mtu umemtuma, hakuna posho, hakuna chakula, kwani afanye nini? Kwa hesabu zangu hiyo kazi imefungwa, na hakuna wa kuwalaumu.

Apolo akajitolea kwenda. Akafika na jembe, akalima shamba lake mwenyewe.

Sasa tuelewane hapo. Kwa Waganda wa wakati ule, kulima migomba na viazi ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanaume alikwenda vitani, alijenga, alikaa barazani kwa mfalme. Huyu alikuwa askari, tena mtu wa suti, anajulikana kwa suti, na sasa ameinama shambani mbele ya watu wanaomcheka. Lakini silaha ya Tabaro ilikuwa njaa, na mtu anayelima chakula chake huwezi kumfukuza kwa njaa. Lile jembe ndilo lililofungua mlango wa Injili Boga.

Nimeandika haya nikiwa na aibu kidogo. Nilipofanywa mchungaji msaidizi, kuna Jumapili moja mvua ilinyesha usiku kucha, na ninyi wa Soweto West mnajua maji yakishuka huku hayabishi hodi. Nilikuta kanisa limejaa tope. Nikasimama mlangoni na viatu vyangu safi, nikingoja vijana wa viti waje wafagie. Mama mmoja akanipita na ndoo na tambara. Hakusema neno, akaanza kupiga deki. Afadhali angenisema.

Turudi Boga. Kulima hakukumfanya Apolo apendwe na wakubwa. Alikemea ulevi na kuoa wake wengi bila kuangalia ni nani anayesikia, na Tabaro akakasirika zaidi. Alipigwa. Nyumba yake ilichomwa. Kisha ikatokea ajali: dada ya chifu, akisaidia kubeba nyasi za kuezekea, alijikwaa akaangukia mkuki, akafa. Apolo akashtakiwa kwamba ameua. Akafungwa minyororo, akapelekwa Fort Portal kwa Waingereza. Gerezani, kama alivyosimulia baadaye, alimwona Yesu aking'aa kama jua na kumtia moyo kwamba yuko pamoja naye. Mwishowe akaachiliwa.

Wengi wetu tungechukulia hiyo kuwa ishara ya kuhama. Yeye alirudi Boga. Na Tabaro, yule yule wa kunyima chakula, aliokoka akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi 1903. Miaka kadhaa alihudumu Toro, kisha mpaka wa Kongo na Uganda ulipowekwa sawa na Boga ikabaki upande wa Wabelgiji, akahamia huko moja kwa moja. Mwaka 1922 alipewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Ukiwa na cheo kama hicho una haki ya kuketi mbele, na mjini Kampala kulikuwa na watu wa kumpigia magoti. Lakini yeye wakati ule alikuwa ameshaanza kazi nyingine. Kuanzia 1921 alikuwa akiingia msituni kwa Wambuti, wale watu wafupi wawindaji ambao majirani zao wote waliwadharau, akikaa nao na kuwafundisha. Alikuwa anakaribia miaka 60. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumtunza.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ya Wakristo wa kule ilikuwa kumzika mtu kichwa kikielekea mashariki. Apolo aliacha maagizo kwamba yeye azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha.