Michael Faraday: Maskini Aliyejiundia Vyombo vya Elimu

Si haba watu wanaoacha kutafuta elimu kwa udhuru wa kukosa fedha na vyombo. Maisha ya Michael Faraday, bingwa mashuhuri wa umeme, yanaubatilisha udhuru huo.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, karibu na London, Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi mwenye maradhi. Mnamo mwaka 1801 dhiki ilizidi hata mtoto huyo akapewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu tu.

Alipotimu miaka 14 aliwekwa kwa mjalidi wa vitabu, akafunzwa kazi hiyo kwa miaka saba. Vitabu alivyovijalidi mchana alivisoma usiku. Lakini hakuridhika kusoma bila kuhakikisha. Akajitengenezea kwa chupa mashine ndogo ya umeme wa kusugua.

Mwaka 1812 alichukua sarafu saba za shaba za nusu peni, visahani saba vya zinki, na vipande sita vya karatasi vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Akavipanga juu kwa juu: shaba, zinki, karatasi, kisha shaba tena. Metali mbili za jinsi mbalimbali zikiunganishwa kwa maji ya chumvi, huzalisha umeme; jambo hilo Mtaliano Alessandro Volta alikuwa amelitangaza mwaka 1800. Faraday alipotia nyaya za mnara wake katika maji ya chumvi ya haluli, mapovu ya hewa yakazifunika. Umeme wa sarafu zile ulikuwa umeanza kuyachambua maji.

Mwaka huo huo alisikiliza mihadhara ya mwanakemia Humphry Davy, akaiandika, akaijalidi kwa mkono wake na kumpelekea. Machi 1813 akaajiriwa kuwa msaidizi katika Royal Institution.

Hata alipokuwa bingwa hakudharau vitu duni. Tarehe 29 Agosti 1831 aliizungushia pete ya chuma nyaya za shaba, akizitenga kwa uzi na kitambaa cha pamba. Kwa pete hiyo alithibitisha kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika huzaa umeme katika waya. Transfoma na jenereta za leo zimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Faraday alikuwa Mkristo mcha Mungu, naye alikataa kupewa cheo cha heshima cha Sir. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Basi, ndugu msomaji, anayengoja vyombo kamili ndipo aanze, huenda asianze kamwe. Faraday alianza na sarafu saba.