Nikolai Vavilov: Mtafuta mbegu aliyepita Ethiopia, akafia gerezani kwa njaa

Mwishoni mwa mwaka 1926 mwanasayansi mmoja kutoka Muungano wa Kisovieti alishuka katika bandari ya Djibouti na kushika njia ya kwenda Addis Ababa. Hakuwa mfanyabiashara wala mwanadiplomasia. Nikolai Vavilov alikuwa akitafuta mbegu. Katika miezi iliyofuata msafara wake wa nyumbu ulipita katika nyanda za juu za Ethiopia hadi Eritrea, ukikusanya ngano, shayiri na mazao mengine kutoka kwa wakulima. Mjini Addis Ababa alipokewa pia na Ras Tafari, ambaye baadaye angevikwa taji kama Mfalme Haile Selassie.

Vavilov alizaliwa Moscow mwaka 1887, mtoto wa mfanyabiashara. Alikuwa na umri wa miaka minne tu wakati njaa kubwa ya 1891 na 1892 ilipoikumba Urusi. Alisomea kilimo, kisha mwaka 1913 akaenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, mtu aliyeipa elimu ya urithi wa viumbe jina lake la kitaalamu. Huko alizama katika kazi ya Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno.

Inafaa tusimame kidogo kwa Mendel, maana ugomvi wote uliokuja baadaye ulitokana na jambo hili. Mendel alichavusha mimea ya njegere yenye mbegu za mviringo kwa chavua ya ile yenye mbegu za mikunjo. Kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo pekee, kana kwamba mikunjo imefutika. Kizazi hicho kilipojichavusha chenyewe, mikunjo ikarudi: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za mikunjo, yaani takriban tatu kwa moja. Maana yake ni kwamba kila mzazi hutoa chembe moja ya urithi kwa kila sifa, na chembe iliyofunikwa na mwenzake haipotei. Inaweza kujitokeza tena kwa wajukuu. Leo chembe hizo tunaziita jeni.

Mwaka 1920, akiwa profesa mjini Saratov, Vavilov alikwenda hatua moja zaidi. Alieleza kwamba mimea yenye ukoo wa karibu hubeba mfululizo wa sifa zinazolingana. Ngano ya mkate, kwa mfano, ina aina zenye ndevu kwenye masuke na aina zisizo na ndevu. Basi ngano ngumu, ile inayotengenezewa tambi, nayo ingepaswa kuwa na aina isiyo na ndevu, hata kama hakuna mtaalamu aliyekwisha kuiona. Aliikuta Ethiopia. Wakulima waliokuwa wakiipanda hawakuwa na haja ya nadharia yoyote kuijua.

Utajiri wa aina alizoziona huko ulimfanya aihesabu Ethiopia kuwa chimbuko la ngano hiyo. Hapo alikosea, kwa kuwa utafiti wa baadaye umeelekeza asili yake Mashariki ya Kati. Lakini kwamba nyanda hizo ni ghala la sifa adimu za urithi, hilo hakuna analolipinga.

Kutoka Afghanistan hadi Amerika ya Kusini alikusanya mbegu, na kufikia mwaka 1940 taasisi yake mjini Leningrad ilikuwa na takriban sampuli 250,000. Hazina hiyo ingetumika kuzalisha mazao yanayohimili baridi, ukame na magonjwa. Kazi hiyo ilihitaji miaka mingi, na Stalin hakuwa mtu wa kungoja.

Ndipo akainuka Trofim Lysenko. Alikuwa mtaalamu wa kilimo, mtoto wa wakulima wa Ukraine, na mwanzoni Vavilov mwenyewe alimsaidia. Lysenko alilowesha mbegu za ngano ya majira ya baridi na kuziweka penye ubaridi ili ziweze kupandwa wakati wa machipuko. Mbinu yenyewe haikuwa uongo. Uongo ulikuwa dai kwamba mabadiliko yaliyoletwa na ubaridi hurithiwa na mbegu za vizazi vinavyofuata. Katika Kiswahili kitenzi ni kimoja: mtu hurithi shamba la baba yake na hurithi pua yake. Lakini shamba hurithiwa pamoja na yote yaliyoongezwa juu yake, ilhali mtoto wa seremala hazaliwi na sugu viganjani.

Lysenko aliahidi aina mpya za ngano kwa muda mfupi, naye akapata sikio la Stalin. Vavilov alikataa kuikana sayansi ya jeni. Mwaka 1939 wanasayansi wa dunia walimchagua kuwa rais wa kongamano lao mjini Edinburgh. Serikali yake ikamnyima ruhusa ya kusafiri. Agosti 1940 alikamatwa akiwa katika safari ya kukusanya mimea magharibi mwa Ukraine, akashtakiwa kwa ujasusi na kuhujumu kilimo. Mwaka uliofuata, baada ya kesi iliyochukua dakika chache, alihukumiwa kifo. Adhabu hiyo ilibadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20, lakini tarehe 26 Januari 1943 alikufa katika gereza la Saratov, mji uleule alikofundisha, mwili ukiwa umedhoofishwa na njaa. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani. Wafanyakazi wa taasisi yake walikaa katikati ya magunia ya nafaka bila kuyagusa. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa. Alexander Shchukin, mtunza karanga, naye vivyo hivyo.

Mwaka 1948 mafundisho ya jeni yalipigwa marufuku kote Muungano wa Kisovieti. Vavilov alisafishwa jina mwaka 1955, na Lysenko akapoteza nguvu zake katikati ya miaka ya 1960. Addis Ababa ilifungua hazina yake ya mbegu mwaka 1976. Kufikia wakati huo, jeni moja kutoka shayiri ya Ethiopia ilikuwa ikiikinga shayiri ya California dhidi ya virusi vinavyoidumaza na kuigeuza rangi ya manjano.