Jamaa Aliyeacha Piano Akafuata Vijidudu vya Udongo

Wewe uliyelelewa Kericho au Bomet unalijua gunia la NPK 26:5:5. Linakuja kwa mkopo, pesa zinakatwa kwa malipo ya majani chai, mvua inanyesha, na msimu ujao mama anaagiza lingine. Mbolea huenda wapi? Kujua hilo, mjue kwanza Sergei Winogradsky.

Alizaliwa Kyiv mwaka wa 1856, kwao kukiwa na pesa. Akajaribu sheria, akaacha. Akaenda kusomea piano St Petersburg, hapo pia akatoka (kwetu kikao cha ukoo kingeshaitwa). Mwaka wa 1877 akaingia sayansi, akatulia.

Wakati huo ilijulikana kwamba viumbe fulani vya udongoni hugeuza amonia kuwa naitrati. Ila kuvitenga ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Watafiti walivipandia kwenye jeli yenye chakula kitamu, na bakteria wengine wakajaa pomoni. Winogradsky, akiwa Zurich, alifanya kinyume: akawanyima. Maji, chumvi za madini na amonia, basi. Wapenda minofu wakashindwa. Waliobaki ni wale wanaopata nguvu kwa kuchoma amonia na kujijenga kwa kaboni ya hewani, bila jua wala mlo wa mtu. Alianza kuchapisha matokeo mwaka wa 1890, kisha akawapa baadhi yao jina Nitrosomonas.

Mapinduzi ya Urusi yalimpokonya mali. Mwaka wa 1922, umri ukiwa umepita 60, Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa ikampokea, akarudi kwa udongo wake. Alikufa mwaka wa 1953 akiwa na miaka 96.

Leo si lazima uwafuge. Unachota udongo, unatoa DNA, unasaka jeni ya amoA, ile ya kimeng'enya kinachoanza kuchoma amonia. Ukilinganisha herufi zake unajua nani ndugu ya nani. Na kuna kituko: mwaka wa 2005 ilithibitishwa kwamba arkea, ambao si bakteria kabisa, nao hufanya kazi hiyo. Kwenye udongo wenye asidi, kama wa mashamba ya chai, mara nyingi wao ndio wameshika usukani.

Sasa rudi shambani. Mchai hupenda amonia. Wakishaigeuza naitrati, udongo haiwezi kuishika. Mvua inaisomba hadi mtoni, na asidi inabaki ikiongezeka. Hapo ndipo sehemu ya pesa za mama huishia.