James Augustus Grant: Kamera Ilirudi Pwani, Yeye Akafika Karagwe

Katika vitabu vyetu vya historia vya shuleni, jina la Speke hutajwa kwanza na la Grant hufuata nyuma kama mkia. Speke na Grant, 1860 hadi 1863, chanzo cha mto Nile, basi. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Sisi tunaotoka Nyakasimbi na vijiji vingine vya Karagwe tunayo sababu ya kumtenga Grant na mwenzake kwa muda kidogo na kumtazama peke yake. Mtu huyu alikaa katika nchi yetu karibu miezi mitano, sehemu kubwa ya muda huo akiwa mgonjwa kitandani, na kwa mkono wake zikachorwa baadhi ya picha za kwanza za watu na milima ya Karagwe zilizobaki hadi leo.

Lakini kabla ya kuwa mchoraji wa Karagwe alikuwa mpiga picha wa Zanzibar, na bila kuielewa Zanzibar hatutaelewa kilichotokea Bweranyange.

Grant alizaliwa tarehe 11 Aprili 1827 katika mji wa Nairn, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Scotland, na kijana alisomea Aberdeen, kisha mwaka 1846 akaingia katika jeshi la Waingereza lililokuwa India. Huko akapigana vita kadhaa, akajeruhiwa Lucknow wakati wa maasi makubwa ya 1857. Huko India pia alifahamiana na John Hanning Speke, askari mwenzake na mwindaji. Speke alipopewa kazi ya kurudi Afrika kuthibitisha kwamba ziwa aliloliona mwaka 1858, ambalo leo tunaliita Viktoria, ndilo chanzo cha Nile, Grant aliomba kwenda naye. Alikubali kuwa wa pili. Nafasi hiyo hakuitoka maisha yake yote, wala hatuna habari kwamba aliwahi kuililia.

Walifika Zanzibar tarehe 17 Agosti 1860, wakati wa upepo wa kusi, kisiwa kikiwa chini ya Sultani Majid. Walikaa zaidi ya mwezi mmoja wakiwa wageni wa balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, huku wakitafuta wapagazi. Katika wiki hizo Grant alikuwa na kazi yake maalumu. Alikuwa amebeba kamera yenye lenzi mbili, aina inayopiga picha pacha, ambazo mtu akizitazama kwa kifaa chake huona kitu kimoja chenye kina kama anavyokiona kwa macho yake mawili. Picha alizopiga za mji na watu wa Zanzibar ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za kisiwa hicho zinazojulikana.

Wasomaji wa rika letu, ambao tukipelekwa matembezi Zanzibar tunarudi na picha mia tatu kwenye simu, tunahitaji kuelezwa kazi ile ilikuwaje. Hapakuwa na filamu. Mpiga picha alichukua bamba la kioo, akalimwagia dawa nzito kama uji mwepesi, akaliinamisha huku na huku mpaka dawa ikaenea sawasawa. Kisha, akiwa ndani ya hema la giza, alilitumbukiza katika maji yenye chumvi ya fedha. Kuanzia hapo alikuwa anashindana na muda: bamba lilipaswa kuingizwa kwenye kamera, kupigwa mwanga na kurudishwa hemani kusafishwa kabla halijakauka. Katika joto la pwani dawa hukauka upesi. Na hema lenyewe, lililofunikwa pande zote ili mwanga usipenye, lilijaa mvuke wa dawa na joto la jua.

Kuna jambo jingine. Bamba lile lilihitaji kuangaliwa na mwanga kwa sekunde kadhaa. Jengo hutoka vizuri. Mnazi usio na upepo hutoka vizuri. Punda akitikisa sikio, sikio hupotea. Ndege akiruka, ni kama hakuwahi kuwapo. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuonyesha maisha ya kila siku ya kisiwa, pamoja na viumbe vyake, alirudi na vile tu vilivyokubali kutulia, au vilivyolazimishwa.

Tunasema kulazimishwa kwa sababu miongoni mwa picha za Grant za 1860 zimo za soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 tu, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Grant alipokuwa na kamera yake lilikuwa bado linafanya kazi kila siku. Sisi tunaona vigumu kuzitazama picha hizo kama kumbukumbu tupu. Mtu anayeuzwa hana uamuzi wa kugeuza uso. Hatudai kwamba Grant alikuwa na nia mbaya. Mwenyeji wake Rigby alikuwa adui wa biashara hiyo, na picha hizo zilikuwa ushahidi. Hata hivyo aliyepigwa picha hakuulizwa, na jina lake halikuandikwa. (Miezi mitatu baada ya Grant kuondoka, Desemba 1860, Padre Fava na wenzake walishuka Zanzibar wakitokea Réunion, na katika misheni yao ya kwanza watu wa soko hilohilo walianza kuandikwa majina katika vitabu vya ubatizo. Tofauti ya kumwandika mtu na kumpiga picha tu, ndugu msomaji, si ndogo.)

Tarehe 25 Septemba msafara ulivuka kwenda Bagamoyo, na mwanzoni mwa Oktoba ukaanza kupanda bara. Kamera haikufika mbali. Kabla hata ya kuvuka milima ya Usagara, Speke aliona kwamba kazi ya ndani ya lile hema dogo ingemuua mwenzake kwa joto, akaamuru vifaa vya picha virudishwe pwani pamoja na askari wagonjwa waliotoka Rasi, kusini mwa Afrika. Tangu hapo Grant alibaki na penseli, karatasi na rangi za maji.

Safari ya kuja kwetu ilichukua zaidi ya mwaka. Walikwama Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kwa sababu ya vita na kukosa wapagazi. Mwezi Septemba 1861 msafara wa Grant, akiwa ametengana na Speke, uliporwa na watu wa mtemi Myonga. Hatimaye tarehe 25 Novemba 1861 walifika Bweranyange, kwenye makao ya Omukama Rumanyika. Wote wawili waliandika kwamba hapo walipumua. Baada ya watemi wengi wa njiani waliodai hongo bila kushiba, walikutana na mfalme aliyewapokea kwa adabu, akawapa mahali pa kukaa na chakula, na kukaa nao kwa mazungumzo.

Mazungumzo hayo yanatuhusu sana sisi wa falsafa. Speke ameandika kwamba Rumanyika aliwauliza kama jua lichomozalo leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Na tena kama mwezi hubadili sura yake ili kutucheka wanadamu. Speke aliyasimulia hayo kama mambo ya kuburudisha. Lakini katika mwaka wetu wa kwanza hapa seminarini tulifundishwa kwa heshima kubwa kwamba Heraklito wa Efeso alisema jua ni jipya kila siku, na tukaandika jambo hilo kwenye daftari kama hekima. Swali la Bweranyange ni lilelile. Kilichotofautiana ni nani alikuwa ameshika kalamu.

Mwezi Desemba mguu wa Grant ulianza kuvimba. Goti likakaza, maumivu yakamnyima usingizi, kisha kidonda kikatoa usaha mwingi kwa wiki nyingi. Waganga wa Karagwe walimjia na dawa zao. Nyingine alizikubali, nyingine alizivumilia. Maelezo aliyoyaandika baadaye juu ya ugonjwa huo ni makini kiasi kwamba madaktari wa siku hizi wanaamini ulikuwa ni kidonda cha Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la Uganda karne moja baadaye, na kwamba ukurasa wake ndio wa kwanza duniani kuueleza. Ni jambo la ajabu kidogo kuwaza kwamba historia ya ugonjwa huo inaanzia katika kibanda kimoja huku kwetu.

Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka kwenda kwa Kabaka Mutesa. Grant alibaki, kwa kuwa hakuweza kutembea na ilisemekana kwamba mgonjwa asingeruhusiwa kuingia Buganda. Alibaki miezi mitatu zaidi, Mwingereza mmoja peke yake kati ya Wanyambo, hajui kama mwenzake yu hai. Rumanyika aliendelea kumtembelea na kuwatuma watoto wake. Na Grant, asiye na kamera na asiyeweza kwenda popote, alichora. Alichora wana wa mfalme, vyombo, mimea, na sherehe ya mwezi mwandamo ambapo ngoma zilipangwa mbele ya Omukama. Aliandika habari za hali ya hewa siku baada ya siku. Milima yetu yenye majani, na lile ziwa dogo chini ya Bweranyange ambalo yeye na Speke walilibandika jina la ziwa la kwao Uingereza, aliyatazama asubuhi na jioni bila haraka, kwa sababu haraka ilikuwa imemwishia.

Hapa ndipo tunapoona tofauti ya wasafiri hawa wawili. Speke alipokuwa Karagwe alimpima kwa futi ya kamba mmojawapo wa mashemeji wa Rumanyika, kwa kuwa wanawake wa ukoo wa kifalme walinenepeshwa kwa maziwa, akachapisha vipimo vya mwili wake kitabuni ili vikasomwe London. Aliwinda vifaru. Nzohe, yule mnyama wa matetenoni, akaelezwa kwa wanasayansi kutokana na wale wa Karagwe, na hadi leo katika sayansi anaitwa kwa jina la Speke. Grant naye hakuwa malaika, na kitabu chake kina dharau za wakati wake ambazo Mnyambo hawezi kuzisoma bila kukunja uso. Tena naye amepata mnyama wake, swala granti, ambaye watalii humpiga picha Serengeti bila kujua jina limetoka wapi. Lakini kuchora mtu kunahitaji akae, naye mchoraji akae. Wana wa Rumanyika walikuja kwa miguu yao wenyewe, wakakaa, wakaondoka walipotaka. Hatukuona hilo kwenye soko la Zanzibar.

Aliondoka Karagwe tarehe 14 Aprili 1862 akiwa amebebwa kwa machela, akafika kwa Mutesa mwishoni mwa Mei. Mwezi Julai, walipokuwa karibu kabisa na lengo la safari nzima, Speke aliamua kwenda kwa haraka upande wa mashariki, na Grant, ambaye mguu wake ulikuwa bado haujapona vizuri, akatumwa na mizigo kuelekea Bunyoro. Speke akasimama mbele ya maporomoko ya Jinja tarehe 28 Julai. Grant hakuyaona. Alitembea miaka miwili, akayakosa kwa mwendo wa siku chache. Watu wengi wakati huo waliona ameonewa. Yeye alimtetea Speke hadharani, na aliendelea kumtetea baada ya Speke kufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864.

Mwaka huo Grant alitoa kitabu chake, A Walk Across Africa. Mimea aliyokusanya njiani ilichapishwa na jumuiya ya Linnaeus ya London miaka ya 1870. Alioa mwaka 1865, akaenda na jeshi Uhabeshi mwaka 1868, kisha akastaafu Nairn, alikofariki tarehe 11 Februari 1892. Mwaka huohuo Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Kashozi, na Injili ikawa imefika mlangoni petu.

Michoro ya Karagwe ilipata safari yake yenyewe. Iliyoingia katika kitabu cha Speke cha 1863 ilichorwa upya na Johann Baptist Zwecker, msanii aliyekuwa London, ili ikubali kuchapwa. Kwa hiyo nyuso za babu zetu ambazo Ulaya ilizijua zilikuwa zimepita katika mikono ya mtu asiyewahi kuziona. Karatasi za Grant mwenyewe, zenye rangi za maji na maandishi yake pembeni, zimehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Kwetu jina la mwenyeji wake liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyotangazwa 2019. Tungependa nakala za michoro hiyo zitundikwe katika shule za Karagwe na Kyerwa, na wazee wetu waitwe kuzitazama wakiwa bado wapo, kwa sababu huenda wakazitaja kwa majina yake ngoma ambazo Grant aliweza kuzichora tu.